Nimekimbia saluni kwa sababu ya elfu tano

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, naishi Tabata, kazi yangu ni ya ofisini, Posta. Nimeolewa na nina watoto wawili. Nakutajia haya yote ili ujue mimi ni mtu mzima, maana nikikueleza kilichonileta utadhani umeandikiwa na mwanafunzi wa sekondari.

Kwa miaka minne nimesukwa na msusi mmoja, kwenye saluni iliyo karibu na kituo ninachoshukia daladala. Mkono wake mwepesi, hanivuti nywele za mbele, na kovu langu la kisogoni anajua namna ya kulificha bila kuniuliza nilianguka wapi. Tumesimuliana mengi. Mwanawe wa kwanza alipofaulu darasa la saba, nilijua kabla ya baba yake.

Zamani nilikuwa namwachia chenji tu. Msuko ulikuwa 28,000, natoa thelathini, namwambia baki nayo, ya soda. Kadiri muda ulivyokwenda ikawa elfu tano, na ikawa kila nikisuka. Lini ilipanda na kwa nini, sikumbuki.

Mwezi wa tatu mwaka huu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja likizo kutoka Houston, nikampeleka kwa msusi wangu. Rasta ndogondogo, 40,000, wasusi watatu kichwani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi. Walipomaliza mgeni wangu akalipa bei, kisha akachomoa misimbazi mitatu akamkabidhi yule dada mbele ya watu wote, akamkumbatia, akasema kule kwao kichwa kama kile ni zaidi ya dola mia mbili. Saluni nzima ilinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya alitoa kichwa nje aone vizuri.

Mimi niliporudi mwezi wa tano sikuwa na keshi. Nikalipa kwa Lipa Namba: bei 40,000, nikatuma 45,000, na nikamwambia mama mwenye saluni pale mezani kwamba hiyo ya juu ni ya dada. Akasema sawa. Msusi alinisindikiza hadi mlangoni kama siku zote, ila asante sikuisikia. Nikajisemea, haya, mwenzetu ameshaonja misimbazi.

Mwezi wa saba nikahakikisha nina noti. Nikampa elfu tano yake mkononi. Akaipokea, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye sidiria bila kuniangalia usoni. Msaidizi wake mmoja akacheka, akasema, "Na sisi je? Au sisi tulikuwa tunapiga picha hapa?" Mama mwenye saluni naye akadakia, "Siku hizi wafanyakazi wanalipwa kuliko saluni!" Wote wakacheka. Nikacheka na mimi, nikatoka, na mwavuli wangu nikausahau kule.

Huu ni mwezi wa pili navaa wigi, Shangazi. Wiki iliyopita nilimwona yule dada kituoni, nikaweka simu sikioni kana kwamba naongea na mtu, nikapanda daladala isiyo yangu, nikashuka kituo cha mbele nikaanza safari upya. Kwa ajili ya elfu tano!

Mume wangu anasema najitesa bure, bei nimelipa, mengine ni hiari yangu. Lakini yeye kila akinyoa anamwachia kinyozi buku, na dada wa skrabu buku mbili, na analala fofofo. Nisaidie. Hela hii ni ya lazima? Ni kiasi gani? Na kama mikono ilikuwa sita, nampa nani?

Mwenye Wigi, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Kuna kitu umekipita mbio kwenye barua yako, nami nimekirudia mara mbili. Ile elfu tano ya mwezi wa tano, uliyoituma kwa simu: nani alikwambia ilifika?

Simwiti yule mama mwizi. Hela ya Lipa Namba inaingia kwenye namba ya biashara, inachanganyika na za wateja wote wa siku ile, na jioni mwenye saluni anafunga hesabu huku ana kodi ya fremu kichwani, umeme, na mtu wa rasta anayedai mzigo wake. "Hiyo ya juu ni ya dada" ni maneno sita yaliyosemwa Jumamosi, saluni imejaa. Huenda alimpa. Huenda alisahau. Ila jaribu kukaa kwenye kigoda cha msusi wako. Mwezi wa tatu ndugu yako amempa elfu thelathini. Mwezi wa tano wewe, mteja wake wa miaka minne, umesimama, umejitazama kwenye kioo, umebonyeza simu, ukaenda zako. Mkononi mwake hakuna kitu. Ulitegemea akushukuru kwa kipi?

Inawezekana kabisa kwamba wewe ulitoka ukiwaza "ameingiwa na tamaa," naye akabaki akiwaza "nimemkosea nini?" Mkanuniana miezi miwili kwa noti ambayo hakuna kati yenu aliyeishika.

Haya, na yule msaidizi aliyeuliza "na sisi je?" Wewe umeona kakudhalilisha. Mimi nasikia mtu anayezungumza na mwenzake kupitia kwako. Nakukumbusha namna kazi hii inavyolipwa, maana mteja anaona kioo na taulo, hesabu haioni. Wasusi wengi hawana mshahara wa mwezi. Wanakula kwa kichwa. Bei ikilipwa, saluni inachukua fungu lake, linalobaki linakwenda kwa wasusi, na mara nyingi mwenye mteja ndiye anayepata kipande kikubwa kuliko aliyeitwa kusaidia. Kila saluni na mapatano yake, ila msaidizi hupata kidogo karibu kila mahali. Ukienda tena mwangalie vidole. Yeye ndiye huachiwa kisogo, huko anakokaa ameinama hadi shingo inagoma, na mwishoni ndiye anayeshika ncha za rasta na kuzichovya kwenye maji yanayotokota. Siku ya mgeni wako wa Houston watu watatu walisuka kwa saa sita, misimbazi mitatu ikaingia mkono mmoja. Kama ziligawanywa au hazikugawanywa, wenyewe ndio wanajua. Lile "na sisi je" lilikuwa na miezi minne tumboni. Wewe ulipita tu njiani likitoka.

Sasa maswali yako.

Ni ya lazima? Si ya lazima. Mume wako kasema kweli. Lakini kasema kweli nusu, maana kitu ukikifanya kila mara, kwa kiwango kilekile, kwa miaka, kinaacha kuwa zawadi hata kama hukukusudia. Mazoea yana taabu. Elfu tano yako iligeuka kuwa bei zamani sana. Ndiyo maana hukumbuki ilipandaje, na ndiyo maana naye akiipokea hashtuki. Mtu hashukuru kwa nauli aliyozoea kupewa, anashangaa siku asipopewa.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu nadhani tatizo lenu kubwa ni kwamba hela hiyo haina jina.

Waswahili tulikuwa mafundi wa kuzipa hela ndogo majina. Fikiria harusi za pwani. Bwana harusi akifika mlangoni pa bibi harusi akakuta umezuiliwa, anatoa kifungua mlango. Anaoshwa miguu, anatoa kiosha miguu. Anamshika bibi harusi mkono, kuna kipa mkono. Mama mzazi ana mkaja wake. Na fundi akimaliza kumfunza kijana kazi anapewa kilemba, hata kama yeye mwenyewe havai kilemba. Vijihela vingi, na unaweza kusema ni usumbufu, lakini hakuna hata mmoja aliyeona haya kutoa wala kupokea. Kila hela ilijulikana ni ya nani, ni ya kazi gani, na inatoka lini. Na ikishatoka imetoka, hairudiwi wiki ijayo kwa mazoea.

Nakumbuka mimi mwenyewe, nilipokuwa mdogo Tanga, mama alipojifungua mdogo wangu wa mwisho, alikuja bibi mmoja kumkanda kwa maji ya moto siku arobaini. Bibi yule hakuwahi kutaja bei. Siku ya arobaini aliandaliwa sinia: doti ya kanga, sabuni ya mche, sukari, na hela ndogo iliyofungwa kwenye pindo la kanga ili asihesabu mbele ya watu. Akaibeba sinia kichwani hadi kwake, njia nzima watu wanamwona na wanajua ametoka kukanda nyumba gani. Na sisi nyumbani tulijua tumemaliza deni. Hela ilikuwa imefichwa, shukrani iko wazi. Wewe na ndugu yako mmefanya kinyume.

Hata neno bakshishi lenyewe, lililotoka kwa Waajemi, maana yake ni kutoa, kupa. Zuri tu. Lakini siku hizi ukisema "ya chai" mtu anafikiria trafiki, na ukisema "kitu kidogo" ndiyo kabisa. Majina yetu ya shukrani yamechafuliwa na wala rushwa, ndiyo maana tunatoa hela kwa kunong'ona kama tumeiba. Na kuna majina yaliyotungwa makusudi yadanganye: nchi hii tuliwahi kuviita vijizawadi vya wagombea takrima, kwenye sheria kabisa, hadi Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Kwa hiyo simaanishi kwamba jina zuri linasafisha hela chafu. Nasema hela safi isiyo na jina inaonekana chafu.

Hapo hapo, kabla sijasahau, maana wasomaji wengi huniuliza: nesi wa hospitali ya serikali, karani wa ofisi ya ardhi, mwalimu anayesahihisha mtihani wa mwanao, hao usiwape. Hata kama amekuhudumia vizuri hadi umelia. Ana mshahara, na ana madaraka juu ya foleni unayosimama wewe na jirani yako asiye na kitu. TAKUKURU wana sheria yao ya mwaka 2007 na haitofautishi rushwa iliyokunjwa vizuri na iliyokunjwa vibaya. Nesi mwandikie barua ya shukrani, ipitie kwa mganga mkuu, itamsaidia kuliko elfu kumi. Msusi hana foleni ya serikali. Msusi mpe.

Nije kwa ndugu yako wa Houston. Usimkasirikie. Anakotoka, kumwachia msusi asilimia 15 hadi 20 ni jambo la kawaida, na usipoacha unaonekana umenuna. Kule kuna hata sheria inayomruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa mgahawa dola 2.13 kwa saa, kiwango cha serikali kuu ambacho hakijapanda tangu mwaka 1991, kwa hesabu kwamba kilichobaki mteja atakijaza. Yapo majimbo yaliyoweka viwango vya juu zaidi, lakini fikra ni hiyo: mteja ni nusu ya mwajiri. Mtu aliyeishi ndani ya hesabu hiyo akija Tabata hawezi kuizima kama taa. Kosa lake ni dogo. Alitoa hadharani, alitoa kwa mmoja wakati walifanya kazi watatu, na alitangaza bei ya kwao. Noti za kupeperushwa mbele ya watu tunazo, lakini mahali pake ni taarabu, ambako unamtunza mwimbaji huku unacheza hadi jukwaani na ukumbi mzima ujue wewe ni nani. Saluni si ukumbi. Pale kila mtu anajua hela ya mwenzake ya siku nzima, na wengine hawajapata kichwa tangu asubuhi.

Ila usimfukuze. Aende tena, aache hata zaidi. Wewe usishindane naye. Yeye ni mvua ya mwaka mara moja, na msusi wako anajua tofauti kati ya mgeni na mteja anayerudi kila baada ya wiki nane. Hiyo ada yako ya kurudi, mwanangu, ndiyo inayomlipia mtoto sare.

Kiasi gani? Hapa kwetu asilimia haipo na usiilete. Ningekuwa wewe, ningeikata ile elfu tano ya kila safari, lakini si kwa kimya. Ukikata kimyakimya atadhani umechukia. Badala yake ipe sababu kila inapotoka. Siku mmemaliza saa mbili usiku na daladala zimekuwa za shida: "Hii ya bodaboda, usitembee." Mwezi wa Januari: "Hii ya madaftari." Sikukuu, iwe Idi au Krismasi, ongeza kabisa, mpe kumi kama unayo. Siku nyingine zote, mteja alipe bei, aseme asante kwa mdomo, aende. Na siku huna, usijieleze. Ukianza "jamani leo sina, nisamehe," umekiri deni ambalo hakuna aliyekudai.

Mikono sita je? Hapa nina jibu ninalolipenda. Wewe mwenyewe umeandika "ya soda." Basi nunua soda. Saa saba mchana, kichwa kimefika nusu, wale watoto hawajala, mmoja anatafuna karanga huku anasuka. Tuma mtu alete chapati na maharage, soda tatu za baridi, weka katikati, sema karibuni. Itakugharimu kiasi kilekile ulichokuwa unampa mmoja, pengine na chenji irudi. Hakuna atakayeuliza na sisi je, kwa sababu atakuwa anatafuna. Na mama mwenye saluni mnunulie yake. Huyo hela usimpe, bei ndiyo hela yake, lakini soda hainyimwi mtu. Ile dhihaka yake ya "wanalipwa kuliko saluni" inatoka kwa mtu anayekaa mezani siku nzima akiona wengine wanashukuriwa.

Ukitaka kutoa noti, basi iwe keshi na iwe mkononi. Simu ibaki ya bei. Kama keshi huna na moyo unakusukuma, omba namba ya simu ya msusi mwenyewe, mtumie ukishafika nyumbani, na kwenye ujumbe andika ni ya nini. Wasaidizi wawili wakiwepo, buku mbili mbili, kila mmoja kwa wakati wake, wakati wa kukung'utwa nywele mabegani. Usimpe mkubwa wao ukasema "mgawane." Neno "mgawane" limevunja saluni nyingi.

Na ile elfu tano iliyopitia mezani usiidai. Umeshaipoteza, iache. Lakini lazima msusi wako ajue uliitoa. Usiseme mbele ya bosi wake, utamgombanisha na mtu anayempa kiti. Mpigie leo jioni, saluni ikishafungwa, wala usianze na hela. Anza na kichwa: "Dada, nywele zimeniota vibaya, una nafasi Jumamosi?" Atacheka, maana alikuona kituoni, mwanangu. Usidhani hakukuona. Mtu anayeongea na simu ya kweli hapandi daladala isiyo yake. Akishakubali Jumamosi, mwambie, "Halafu mwezi wa tano nilituma ya kwako na bei, kwa simu, sijui kama ilikufikia." Basi. Asipoipata atasema aah, hakupata. Akiwa aliipata atashangaa kwa nini unauliza, na hapo mtajua kilichowanunisha ni kingine, mtakizungumza.

Kuhusu mume wako, yeye analala fofofo kwa sababu kinyozi hajawahi kumsimulia habari za mtoto wake wa darasa la saba. Anatoa buku, anatoka, kwisha. Wewe na msusi wako ni watu wa kujuana, na kwenye kujuana hela ndogo ndiyo inayouma. Ila hii buku mbili ya dada wa skrabu, kinyozi aliyesimama dakika arobaini anapata buku moja na aliyempaka povu usoni anapata mbili, mimi sisemi kitu. Muulize tu siku moja, kwa upole, chakula kikiwa kimeshaliwa.

Jumamosi nenda mapema, saa tatu, kabla hawajapata kichwa kingine. Vua wigi hilo mlangoni. Na mwavuli wako uchukue, vuli imekaribia.

Shangazi